Benki ya Papa Asukulu

Korido ya jengo letu kule Hopkins, Minnesota, ilinuka dagaa wa kukaanga, zulia lililolowa theluji, na ule ukavu wa hita unaokwaruza koo. Harufu hiyo ilitupokea mlangoni, ikapanda ngazi pamoja nasi, ikajikalia kwenye makoti yetu hata tukaenda nayo shuleni, ambako wenzetu walitupenda kwa mbali. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi, Kigoma, mimi na mama tu. Baba tulimwacha kwenye ardhi ya Fizi, Kongo, pamoja na wengine wengi ambao vita havikuwapa nafasi ya kukimbia. Karibu jengo zima lilikuwa la watu wa kwetu. Ukipiga chafya ghorofa ya kwanza, unaombewa afya ghorofa ya tatu. Wengine hukumbuka utoto wao kwa raha, nami nina raha zangu, lakini kila nikiivuta kumbukumbu ya majira yale ya baridi, kinachotangulia ni benki ya Papa Asukulu, na jinsi ilivyokufa.

Papa Asukulu aliishi ghorofa ya pili na mgongo wake mbovu na adabu zake nyingi. Kambini alikuwa na kioski, na watu walimwamini tangu huko. Siku za mshahara wazee wetu walimpelekea pesa taslimu amtunzie kila mtu akiba yake, kwa sababu benki za mjini ziliwakata ada ambazo hakuna aliyeweza kuwaeleza ni za nini. Yeye akawapa karatasi. Alizikata mwenyewe kutoka makaratasi magumu ya rangi, njano kwa dola tano, kijani kwa kumi, nyekundu kwa ishirini, akazigonga mhuri wa samaki aliouchonga kutoka soli ya kandambili kuukuu. Tuliziita samaki. Mwanzoni zilikuwa za kukumbushia tu kwamba una chako kwa Papa, lakini hazikukaa sana ndani ya Biblia za watu. Aliyesukwa nywele alilipa samaki, aliyepelekwa kliniki kwa gari la jirani alilipa samaki, na mama mmoja aliyeleta unga wa muhogo kutoka mtaa wa Frogtown alizipokea bila hata kuzitazama mara mbili. Mtu wa nje angeshangaa. Sisi tulikuwa tumeishi miaka kwa kadi ya mgao, na kadi ile ilikuwa mahindi, ilikuwa mafuta, ilikuwa uhai. Karatasi yenye mhuri kwetu haikuwa jambo la mzaha. Mama ndiye aliyekuwa na samaki wengi kuliko wote. Alifua mashuka ya hoteli, akala kidogo, akaweka. Haba na haba hujaza kibaba, aliniambia kila nilipoomba viatu vipya, mpaka nikakichukia kibaba chenyewe.

Papa Asukulu hakuona kwamba amebuni kitu kigeni. Kwenye bohari ya nguo alikofanya kazi, mzee mmoja wa Kimarekani alimwonyesha noti kuukuu aliyoirithi, ameihifadhi ndani ya plastiki, yenye jina la mji mdogo wa mashambani huko huko Minnesota. Zamani, mzee alimweleza, benki ya mji kama ule ilitoa noti zake yenyewe, zenye jina la mji na sahihi za wakubwa wa benki, ambao mkulima aliwaona kanisani kila Jumapili. Papa alirudi na habari hiyo akiwa amevimba kwa furaha, akaisimulia kila mlango. Mama akamuuliza benki hiyo sasa iko wapi. Papa akasema ilikufa, siku moja watu wote walitaka pesa zao kwa pamoja, na pesa zilikuwa zimekopeshwa wakulima. Alisema hivyo akicheka. Naye pesa zetu nyingi alikuwa amezikopesha, kwa vijana waliohitaji magari ya kwendea kazini, na sandukuni alibakiza za kuwatosha wachache wanaokuja kubadilisha mara moja moja. Hatukuona ubaya. Kijana mwenye gari alitufaa sote.

Katikati ya baridi ikaja simu kutoka kambini. Mama mdogo Faida, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye faili lake la kuhamia Marekani lilitenganishwa na letu akabaki nyuma, alikuwa na uvimbe tumboni na umeanza kumkata pumzi. Hospitali ilikubali kumpasua, ila ilitaka malipo kwanza. Mama hakulia. Alitoa samaki wake chini ya godoro, akavaa buti, akanishika mkono tukashuka hadi kwa Papa Asukulu. Ilikuwa Jumamosi mchana. Papa alisikiliza, akasema pesa ipo sandukuni na inatosha, lakini jambo zito kama hili halianzi kwa pesa, linaanza kwa Mungu. Akatuma mtoto awaite wamama wa maombi. Mama alikubali, kwetu kudai pesa kabla ya kuomba ni kama kula kabla ya kunawa. Wamama walifika, kila mmoja akavua buti nje ya mlango, buti zikajipanga ukutani zikidondosha maji ya theluji kwenye zulia. Tukafumba macho. Nami nilifumba kweli, maana aliyechungulia alifinywa.

Yaliyotokea mlangoni niliyajua baadaye, kutoka kwenye magomvi. Jirani mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa anatoka kazini akaona buti nyingi nje ya kwa Papa Asukulu, na kati yake akazitambua za mama. Hakufikiria maombi. Alifikiria kwamba Mama Riziki, mwenye akiba kubwa kuliko wote, ameamua kutoa chake, na kama yeye anatoa basi anajua kitu. Akakimbilia juu kuchukua samaki wake. Mkewe akamnong'oneza jirani, jirani akapiga simu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wakaanza kuteremka na karatasi zao mikononi, nao wakavua buti, na kila jozi iliyoongezeka ikamtisha aliyefuata. Walipogonga, Papa aliinuka kwenye sala akawapokea jikoni, karibu na mlango, maana hakuwa mtu wa kumwambia mteja njoo kesho. Aliamini benki ikisema subiri imeshakufa. Alifungua sanduku, akawalipa mmoja mmoja, kwa sauti ya chini ili asivuruge sala, huku akijiambia kwamba huyu ndiye wa mwisho. Ndani, wamama waliomba wote kwa pamoja kwa sauti kuu, kama tunavyoomba, kila mmoja akimtaja Faida. Penye wengi pana Mungu, husemwa. Siku ile penye wengi palikuwa na foleni.

Amina ilipotoka tukafumbua macho. Papa Asukulu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, uso umemshuka, na nyuma yake korido imejaa watu ambao hawajalipwa. Mama alimnyooshea samaki wake bila kuelewa.

"Mama Riziki," akasema, "makuta imeisha. Ingine yote iko inje, kwa batu."

Mama akatazama sanduku tupu la pesa, akatazama watu.

"Umelipa batu bote bale," akasema polepole, "na miye nilikuwa mu nyumba yako. Nilikuwa naomba."

Nilimwona yule jirani wa kwanza akiinama kutafuta buti zake kama mtu aliyeangusha sindano. Nilimchukia, na sijui kama nimeacha.

Msidhani watu wetu hawana utu. Jioni ile ile wengine waligonga mlango wetu na walichonacho, lakini hofu ilishafanya kazi yake: huyu alikuwa ameshalipa kodi ya nyumba, yule ameshatuma kwao, na wengine waliobaki nazo waliogopa kuzitoa tena mfukoni. Kanisani kikapu kilipita mara mbili. Pesa ilipotimia ikatumwa, na ilipopokelewa kule, mama mdogo Faida alikuwa ameshazikwa. Ilitumika kulipia jeneza na chakula cha waombolezaji. Papa Asukulu aliuza gari lake na fanicha, akawarudishia watu alichoweza, kisha akahamia jimbo lingine kwenye viwanda vya nyama bila kumuaga mama. Mama hakumlaumu kwa sauti. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema mara moja tu, na kwa muda mrefu hakuhudhuria maombi ya nyumba ya mtu. Samaki walibaki mikononi mwa watoto. Tulichezea duka nao koridoni mpaka rangi zikapauka.

Siku hizi naishi Saint Louis Park, kwenye jengo safi lisilonuka kitu, na sijui jina la jirani yangu hata mmoja. Pesa natuma kwa simu, inafika Kigoma kabla chai yangu haijapoa. Hakuna anayeniombea kwanza, wala anayenitangulia kwenye foleni. Ningesema mambo yamekuwa bora, na kwa kweli yamekuwa bora. Mgonjwa wa leo hafi kwa kusubiri buti za watu. Natuma kwa ajili ya Sifa, binti wa mama mdogo Faida, aliyekuwa hajajua kutembea vizuri mama yake alipokufa na ambaye sasa ana umri kupita wangu wa wakati ule. Mwezi uliopita, tukiongea, aliniuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani, maana wote waliomjua wanamwambia tu kwamba alikuwa mzuri. Mama mdogo alinibeba mgongoni miaka mitatu. Nilitafuta sauti yake, nikatafuta kicheko, nikatafuta hata rangi ya kitenge kimoja, na kilichonijia haraka, kamili, hadi dola ya mwisho, kilikuwa bei ya upasuaji wake. Nikamwambia alikuwa mzuri.