Doreen Atafuta Neno la Ubao wa Ghuba

Saa mbili asubuhi, maji yamekupwa katika ghuba ya Kelderby, kaskazini mwa Uingereza. Doreen Burrow yuko peke yake mchangani, anadunga fimbo chini kila hatua tatu. Penye ugumu anachomeka tawi bichi kuonyesha njia. Panapotetemeka anarudi nyuma.

Ana miaka sitini na nane. Kwa miaka thelathini na mmoja amewavusha watu kilomita kumi na moja za mchanga huu, na kila siku njia ni mpya, maana mchanga uliokubeba jana leo unakumeza.

Ufukweni anamkuta Clive, fundi rangi. Ubao wa zamani unaowakaribisha wavukaji umeoza, mpya unasubiri maneno.

"Niandike nini? 'Doreen atawapeleka,' kama zamani?"

"Thubutu! Kupeleka ni kwa mizigo."

"Basi 'atawaongoza.'"

"Anayeongoza haoni nyuma. Ngoja nifikirie, nitakupigia simu."

"Mwaka gani, mama?" Clive anacheka.

Watu arobaini waliokuja kuvuka ghuba wanamfuata. Katikati ya ghuba Stuart, mwalimu mstaafu, anaiacha njia ya matawi ili awapige ndege picha. Hatua nne tu, mchanga unamshika mpaka mapajani. Maji yatarudi baada ya muda wa saa mbili.

"Nivuteni!"

"Mtu yeyote asimguse!" Doreen anamsogelea akitambaa kwa tumbo. "Lala chali, kipenzi, kama kitandani kwako. Sasa chezesha mguu mmoja. Polepole."

Loo! Watu wazima thelathini na tisa wamejibana penye matawi kama watoto. Dakika ishirini zinapita kabla mguu wa kwanza haujachomoka, kisha wa pili, bila kiatu.

"Nisamehe," Stuart anasema. "Nimesoma ubaoni kwamba unatupeleka, nikajiachia."

Doreen anawatanguliza wote wafuate matawi. Yeye mwenyewe anatembea wa mwisho.

Ng'ambo anasimama majini, maji yakimpanda vifundoni, anahesabu. Hakanyagi nchi kavu mpaka wa arobaini aikanyage.

Kisha anapiga simu. "Clive, andika 'atawafikisha.'"

"Hiyo ni ahadi nzito, Doreen. Wageni watakushika nayo."

"Ubao si wa wageni. Ni wangu, niusome kila asubuhi kabla sijaingia mchangani. Magoti yakinikataa, atakayenirithi ausome na yeye. Akiona hawezi kuwafikisha watu, arudi nyumbani."