Salumu Aliyekataa Kuapa

Mwanangu, jana umeniuliza kama mtu asiye na dini anaweza kuwa na utu. Jibu la kitabuni sina. Ninayo siku moja tu ninayoikumbuka, hapa hapa kijijini kwetu Ndagoni, ndevu zangu hazijaota.

Mashine ya boti iliibwa dagoni, kule kambini kwa wavuvi wageni. Nahodha akaazima Msahafu wa bibi yangu, akawapanga mabaharia wake, kila mmoja aushike aape kuwa hakuiba. Wakaapa upesi upesi, kama watu wanaonawa wakale. Akabaki Salumu.

Huyu Salumu hakuwa akiswali, wala hakuficha. Akasema, "Sijaiba. Lakini siapi. Imani hiyo sina, nikiushika nitakuwa nawahadaa."

Lo! Kelele zikapanda. Nahodha akamwambia ama aape, ama aondoke dagoni na virago vyake kabla ya adhuhuri. Mke wa Salumu alikuwa mjamzito, anatembea kashika kiuno, na kwao ni mbali, Kilwa. Hata nahodha mwenyewe akaingiwa na huruma.

"Apa tu yaishe, ndugu yangu. Nani atakupasua moyo aangalie?"

Salumu akatikisa kichwa, akaenda kufunga mizigo.

Bibi yangu hakuwa akikosa swala, na ulimi wake ulikuwa hauna breki. Alipopata habari akaja kudai Msahafu wake.

"Kwa hiyo mnataka aseme uongo juu ya kitabu cha Mungu, nyie ndio mpate usingizi? Astaghfirullah! Hamna haya?" Akamgeukia Salumu. "Mwambie mkeo alete vyombo kwangu."

Mtoto wao alizaliwa chumba cha uani, nyumbani kwetu. Mashine haijaonekana mpaka leo, na aliyeiba simjui.

Mimi naswali, mwanangu, na nitakufa naswali. Bila hofu ya Mungu nisingefika mbali, najijua. Lakini siwezi kukwambia asiyeamini hana utu, maana nilimwona mmoja akikubali kukosa kazi na pa kulala kwa kukataa uongo, na waliokuwa wakimsihi auseme ni sisi tunaoswali. Basi shika swala yako, ila usimvunjie mtu heshima kwa kuwa yeye haswali. Na siku ukimshikisha mtu Msahafu, jiulize kwanza kama unataka ukweli au unatafuta wa kumfukuza.

Mungu akupe imani, mwanangu, na akupe haya ya kuibeba. Amina.