Kipande cha Kitambaa Chini ya Mguu wa Cherehani

Mimi niliishia darasa la pili, kutunga sijui. Haya yalinipata mwenyewe, hapa hapa barazani kwangu Kambarage, akili zangu timamu.

Masanja wa Kagongwa aliniuzia cherehani ya marehemu mama yake, ile nyeusi ya miguu, imejaa kutu. Watu wa vyuma chakavu walikuwa wameshaimezea mate. Nikailowesha mafuta ya taa, nikaisugua kwa mswaki mpaka maua ya dhahabu yakaonekana ubavuni. Luhende, fundi viatu, akanikatia mkanda wa ngozi. Gurudumu likazunguka vizuri. Lakini kushona? Wapi! Inaruka mishono, inakata uzi.

Na siku hiyo ni Jumamosi. Kesho yake mjukuu wangu Nyamizi anaimba kwaya kwa mara ya kwanza, na ni yeye tu asiye na gauni. Akirudi mazoezini nimwambie nini?

Jua linatua, akaja mama mmoja wa rika langu, ana kovu kidevuni.

"Mwangaluka!"

Nikacheka. Kwetu Wasukuma hiyo ni salamu ya asubuhi. "Mwenzangu, jua linazama, wewe ndiyo unaamka?"

"Kwangu kumekucha. Hebu nipishe, unamtesa Bibi Arusi."

"Bibi Arusi yupi?"

"Si huyu unayemkanyaga?" Akaipapasa cherehani. "Sindano umeiweka kama kwenye hizi za kisasa. Ubapa wake hutazama kushoto, uzi unaingilia kulia. Umezeeka bure!"

Nikampisha kiti. Niamini mimi, kanyagio lilipanda na kushuka, lakini miguu yake sikuiona ikiligusa. Nikajisemea, macho ya uzee haya. Gauni nililokuwa nimeshalikata likaisha kabla chai haijachemka. Akachomeka kipande cha kitambaa chini ya mguu wa cherehani, ule mdogo unaobana nguo juu ya meno. "Usimlaze meno yakiwa wazi, atajisaga."

Nikaingia ndani kumletea chai. Kutoka, kiti kitupu, kanyagio bado linacheza.

Nyamizi aliimba, na gauni likampendeza kweli. Masanja alipokuja kunijulia hali, nikamsimulia habari za yule mama: kovu lake, mdomo wake, na hilo jina la Bibi Arusi.

Masanja akaweka kikombe chini. "Bibi, jina hilo alilitumia mama tu. Na kovu hilo ni lake."

"Basi mama yako hajambo, mwanangu. Ila anatukana!"

Akacheka huku machozi yanamtoka.

Tangu hapo, kila nikimaliza kushona naacha kipande cha kitambaa. Asubuhi nakikuta kina mstari mmoja wa uzi mwekundu, umenyooka kuliko yangu yote. Uzi mwekundu mimi ninao? Sina! Na magauni ya kwaya sasa yote naletewa mimi.

Kwa hiyo wewe uliyenunua cherehani ya marehemu, ifufue, ishonee, ila usiilaze meno wazi. Na mtu akikusalimia salamu ya asubuhi jua likizama, usimcheke kama mimi. Itikia, mpishe kiti. Na chai iwe tayari, maana wenzetu hawa hawakai.