Mbwa wa Garúa Hafungwi

Delfín Oyarzo alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache aliwaambia mbwa. Alivuka kutoka kisiwa cha Chiloé akiwa kijana, pamoja na kundi la wakata manyoya ya kondoo. Msimu ulipokwisha wenzake walirudi kwao, yeye akabaki Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Chile, kwa sababu ranchi ilimpa kituo cha uchungaji cha Laguna Chica: kibanda cha mabati, jiko la kuni, zizi, farasi wawili, na kondoo wengi kuliko watu wote aliopata kuwaona. Hakuoa. Waliomuuliza sababu aliwajibu kwa kuwauliza ni mwanamke gani mwenye akili zake timamu angeukubali upepo ule.

Alikuwa na Garúa, na mtu akisema mbwa si mke, basi hakumwona Garúa. Maana ya jina lake ni manyunyu, kwa kuwa manyoya yake yalikuwa ya kijivu kama mvua ile nyembamba isiyoisha. Mwaka wa theluji kubwa, kondoo walipofukiwa wazima wazima, alitembea juu ya theluji na pua yake chini, na kila aliposimama na kukwaruza, Delfín alichimba kwa koleo akamtoa kondoo anayehema. Makucha ya mbwa yule yalitoka damu, naye hakuacha mpaka alipoambiwa aache. Vituo vingine vilibaki na ngozi za kuuza. Laguna Chica ilibaki na kundi.

Sasa, huko kila mchungaji huwafunga mbwa wake. Kazi ikiisha, kila mmoja hurudi kwenye pipa lake la kulalia, akavishwa mnyororo. Si ukatili. Mbwa wa kondoo akikosa kazi hujitafutia, na kazi anayoijua ni kondoo. Lakini Garúa hakufungwa hata siku moja. Alilala mlangoni, na Delfín alilifanya jambo hilo dini yake.

Baada ya theluji ile watu walikuja kutoka vituo vya mbali kuomba watoto wa Garúa. Mbwa mzuri huko hauzwi, hutolewa. Mzee Vera, jirani wa kaskazini, alipata dume la uzao wa mwisho, akamwita Moro. Kama watoto wengine wote wa Garúa, mbwa huyo alikaa kwanza pale Laguna Chica mpaka akaujua mluzi wa Delfín, ule mrefu unaoshuka mwishoni, wa kumwambia mbwa alale chini. Kisha Vera akapewa sharti.

"Usimfunge. Mbwa wa Garúa hafungwi."

"Na akitoroka?" Vera aliuliza.

"Atoroke aende wapi? Maji hufuata mkondo, bwana."

Nani angebisha na Delfín Oyarzo? Nchi nzima ile mbwa wa Garúa walilala milangoni, huru kama wenye nyumba.

Garúa alikufa kwa uzee. Delfín alimzika kando ya lango la zizi, akampangia mawe juu, na kila kondoo walipoingizwa alimwambia habari zao.

Kisha bei ya manyoya ikaanguka, vituo vikaanza kufungwa. Mzee Vera alikufa kabla hajaambiwa ahame, na waliobaki, isipokuwa Delfín, walihamia mjini Porvenir kukaa na mabinti zao. Mbwa waliachwa. Hakuna aliyewafunga, maana sharti ni sharti. Watu walilikumbuka sharti wakaisahau kazi iliyokuwa ikilibeba.

Haukupita muda kondoo wakaanza kuokotwa wameraruliwa ubavu na koo. Ikasemwa, kwanza chini chini, halafu waziwazi: hao ni mbwa wa Garúa. Delfín alipolisikia alimfukuza kibandani kwake mgeni aliyelisema, bakuli la mchuzi lingali mkononi. Garúa hakuwahi kung'ata hata unyoya! Na huyu Ceniza, mjukuu wake, si huyu hapa amelala mlangoni, hajafungwa, amewahi kumgusa nani? Usiku mzima alinung'unika. Jina la mbwa ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo, na sasa walikuwa wanamwibia.

Ndipo akaja Nélida Barría, msimamizi wa ranchi, na bunduki yake, pamoja na Ulises, mtoto wa marehemu Vera. Wakachemsha maji, wakanywa yerba, yale majani machungu ya huko, kwa zamu, kikombe kimoja na mrija mmoja, kama inavyopasa kabla ya maneno mabaya.

"Don Delfín," Nélida akasema, "wenye ranchi wanataka kuondoa kondoo wote. Tumewavizia hao mbwa weee, wanatuona kabla hatujawaona. Njoo uwapigie mluzi."

"Mluzi wangu unawahusu nini mbwa mwitu?"

"Kama si wa Garúa, hawatausikia. Utakuwa umeshinda, nami nitakuomba radhi mbele ya watu."

"Mzee anaogopa," Ulises akacheka. "Anajua wajukuu zake watamwamkia."

"Wewe nyamaza! Hata farasi wako anakuongoza yeye."

Akavaa koti lake. Alikwenda kulisafisha jina, na alikwenda kwa furaha.

Walilala kifudifudi juu ya kilima, upepo ukiwapiga usoni. Mchana, mbwa wakatokea msituni. Hawakubweka. Walizunguka kwa mbali, upande wa kushoto, wakaliacha kundi lijikusanye lenyewe bila kutishika, wakalisukuma polepole mpaka kwenye pembe ya uzio. Mmoja mkubwa, wa kijivu, akapita mbele akalala kulizuia lisitoke. Ilikuwa kazi safi. Delfín alikuwa ameshatabasamu, mdomo wazi, kama mzazi kwenye sherehe ya shule, ndipo akaelewa anachokitazama.

Kisha wakaanza kung'ata.

"Piga, don Delfín," Nélida akanong'ona.

Angeweza kunyamaza. Wangekimbilia msituni na asingejua mtu kuwa ni wa Garúa. Lakini kondoo walikuwa wanalia, na masikio yake yalikuwa yamezeeka kwa kuwasikiliza. Akatia vidole mdomoni. Mluzi ukatoka mrefu, ukashuka mwishoni.

Wale vijana, waliozaliwa msituni, waliinua vichwa wakatimka. Yule mkubwa wa kijivu alilala chini. Aliweka kidevu kwenye nyasi, macho ameyaelekeza kilimani, mkia unagonga ardhi, akingoja amri inayofuata. Nélida akapiga risasi.

Waliposhuka, Ulises alimtazama yule mbwa akavua kofia.

"Huyu ni Moro," alisema. "Mbwa wa baba."

"Wengine watarudi," Nélida akasema. "Na hao hawaujui mluzi." Hakudai kitu. Hakumkumbusha nani alisema nini. Delfín angependa amtukane.

Alirudi Laguna Chica akiwaza jambo moja tu: aliyekuwa bado wa Garúa ndiye aliyekufa kwa kutii, na waliobaki ndio watakaozaana. Hakuwa na dawa ya jambo hilo, wala hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na mnyororo wenye kutu, wa mchungaji aliyekuwapo kabla yake. Aliupaka mafuta, akamwita Ceniza. Mbwa alikuja akanyoosha shingo mwenyewe, akadhani ni kazi mpya anafundishwa. Delfín alimfunga kwenye pipa. Mlangoni pakabaki patupu. Alipopita kwenye lango la zizi hakuyatazama yale mawe, wala hakusema habari za kondoo.

Asubuhi alitandika farasi akapiga mluzi wa kuondoka, kwa mazoea tu. Ceniza aliruka kwa nguvu zake zote. Mnyororo ukamkaba, ukamrudisha chini mgongo ukitangulia. Akainuka, akamtazama bwana wake, akaruka tena.

Delfín akapanda farasi, akaenda kwa kondoo peke yake.