Rambirambi kwa Mtoto wa Kitabuni

Mama yangu aliandika vitabu vitatu, na kila kimoja kilikuwa na watu wake. Watu wa Musoma mjini walimjua kwa mashairi. Sikukuu za Chama zilipokaribia, walimu wa shule za Mwisenge na Kitaji walimjia nyumbani kumwomba ngonjera, naye aliwatungia papo hapo, mwiko mkononi, huku ugali ukiungua. Ugali ulioungua niliula mimi. Baadaye ngonjera hizo zilikusanywa zikawa kitabu chembamba chenye picha ya jembe kwenye jalada. Mwishoni kabisa, mahali ambapo nadhani hakuna mtu wa Chama aliyewahi kufika, alichomeka nyimbo chache za kumbembelezea mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake wa pekee, kwa hiyo nilijua ni zangu, nikatembea shuleni kwa maringo kama mke wa mkuu wa wilaya.

Watu wa vijiji vya Bunda walimjua kwa kitabu cha pili. Kilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hata yeye alilisahau. Sisi tulikiita kitabu cha maji. Kilieleza namna ya kuchemsha maji ya kunywa, kunawa mikono, na la kufanya mtoto akianza kuharisha. Alikiandika kwa ajili ya madarasa ya kisomo, yale ya watu wazima, na hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote. Alidandia malori ya pamba ya ushirika kwenda kukifundisha, akarudi jioni na nyuzi za pamba kwenye nywele, amechoka, anacheka peke yake.

Shida ya kitabu cha maji ilikuwa kuni. Watu walikuwa wamehamia vijiji vipya, nyumba zimekaribiana, lakini pori la kuni lilikuwa limebaki kule kule walikotoka. Waume walinung'unika kwamba wanawake wanamaliza kuni kupika maji, kitu kisichoshibisha. Wanawake waliwajibu neno moja tu: imeandikwa. Walikuwa wamejifunza kusoma ukubwani, na maandishi waliyoyajua ni kitabu cha kwanza cha kisomo, kitabu cha kulima pamba, kitabu cha maji, na kwa wale wa kanisani, Biblia. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuwadanganya. Mama alilijua hilo na lilimnyima raha. Aliniambia siku moja, akichambua dagaa, "Siku wakiacha kuniamini, wataacha kuchemsha. Na wakiacha kuchemsha, mtoto wa mtu atakufa." Alikuwa na tabia ya kusema mambo kama hayo katikati ya dagaa.

Kitabu cha tatu kilikuwa riwaya. Mwalimu kijana wa kike anapangiwa shule ya mbali, kusini, ambako hamjui mtu. Mtoto wake anaugua na kufa. Yeye anaendelea kufundisha. Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikampa hukumu yangu: hakuna ugomvi hata mmoja, na huyu mwalimu analia sana. Mama alinitazama kidogo, kisha akanituma kuchota maji. Nakala moja aliiacha kwenye sanduku la vitabu katika duka la ushirika la kijiji kimojawapo huko Bunda. Alidhani hakuna atakayeigusa, kwa unene wake.

Walikuja Jumamosi asubuhi, wanawake watatu, wameshushwa na lori la pamba. Mmoja alikuwa bibi mrefu, kiongozi wa darasa lao la kisomo. Wa pili alibeba kuku. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa udaga, unga wa muhogo mkavu, kichwani. Nilikuwa uani nakaanga samaki wa sato. Niliwaamkia, nikawatolea viti, na wala hawakuvitazama. Waliingia sebuleni, wakakaa chini kwenye mkeka, wakanyoosha miguu. Kwetu wanawake hawaingii hivyo nyumbani kwa mtu ila amefiwa.

Mama alitoka chumbani na kalamu nyuma ya sikio. Alipowaona walivyokaa, uso ulimshuka.

"Nani amefariki?" akauliza. Najua alichofikiri. Alifikiri wamekuja kumwambia kwamba kuna mtoto wa kijijini amekufa na maji yake ya kuchemsha yameshindwa.

"Sisi ndio tumekuja kukupa pole, Mama Mwalimu," akasema yule bibi. "Darasani tumesoma mpaka pale mtoto anapokata roho. Mwalimu wetu wa kijijini anataka tuendelee. Tukamwambia hapana, watu wanasomagaje na mwenzao kafiwa? Wewe unakujaga kwetu, unacheka na sisi, kumbe uko na msiba na hausemagi."

Nilielewa kabla ya Mama. Nilikimbia uani, nikajiziba mdomo kwa khanga, nikacheka mpaka sato akaungua. Wametoka Bunda na kuku kuja kumlilia mtoto wa riwaya! Nilijua kisa hicho kitanifaa shuleni muhula mzima.

Nilirudi mlangoni nisipitwe na kitu. Mama alikuwa bado amesimama.

"Mama zangu," alisema taratibu, "kile ni kitabu cha hadithi. Yule mwalimu hayupo. Nilimtunga, kama hadithi za sungura na fisi."

Bibi alifikiri. "Za sungura tunazijua," akasema. "Sungura anaongeaga na fisi. Huyu wako hakuongea na fisi. Alikuwa na mshahara, alikuwa na uhamisho."

Karibu nicheke tena. Lakini yule mwanamke kijana alikuwa amemshusha mtoto mgongoni, amempakata, na alikuwa anamtazama Mama kwa namna ambayo haikunipendeza.

"Na kile cha maji," akauliza, "ulitunga pia?"

"Hapana. Kile ni kweli tupu."

"Jina lako ni lile lile, juu ya vyote viwili."

"Ni langu, ndiyo."

"Sasa sisi tutajuaje?" Hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mume wangu kila siku ananigombezaga kwa ajili ya kuni. Namwambia imeandikwa. Leo nikirudi nitamwambia nini? Kwamba Mama Mwalimu kingine anatunga, kingine hatungi?"

Hata mimi, mtoto wa mjini niliyejiona mjanja, nilijua kitakachotokea. Lori lingewarudisha jioni, na neno lingeshuka nao. Kufika kesho yake vyungu vingekuwa vimeepuliwa, na kazi yote ya Mama, miaka yote ile ya kupanda juu ya marobota ya pamba, ingekwenda na riwaya moja. Nilisubiri awaeleze. Alikuwa mwalimu, kueleza ndiyo ilikuwa kazi yake.

Hakueleza. Alitoa kalamu sikioni, akaiweka kwenye kiti. Akafungua kilemba. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, mbele yao, akanyoosha miguu kama wao. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo ndani ya nyumba yetu.

Yule bibi hakushangaa. Alisogea karibu, akauliza swali linaloulizwa katika kila msiba wa kwetu, ambalo mfiwa hulijibu upya kwa kila mgeni anayeingia, kuanzia siku ya kwanza ya ugonjwa.

"Ilikuwaje?"

Mama akasema ilikuwaje. Uhuru ulikuwa bado mchanga, walimu hawatoshi, naye alipangiwa shule ya mbali kusini, akiwa na mtoto wa kike aliyeanza tu kutembea. Baba alikuwa masomoni. Maji ya shule yalitoka mtoni, na kila mtu aliyanywa vile vile yalivyochotwa, na yeye, na mtoto. Mtoto alianza kuharisha. Zahanati ilikuwa mbali, na mvua ilikuwa imekata barabara. Alimzika pamoja na walimu wenzake, watu wema ambao hakujua hata kuwaamkia kwa lugha yao, na wiki iliyofuata akasimama mbele ya darasa. Alipopata uhamisho akarudi kwao Butiama. Wazee walimwambia mtoto amekwisha kuzikwa huko huko, asiwaamshie kilio, azae mwingine. Hakuna aliyekaa naye chini. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje.

"Nikaandika," akasema. "Cha maji niliandika ili asife mwingine. Hiki kingine... Jina la mwalimu nilitunga. Kijiji nilitunga. Mtoto sikumtunga."

Alilia basi, mama yangu ambaye alicheka peke yake juu ya malori. Alilia kwa sauti, bila aibu, na wale wanawake wakalia naye, hata yule aliyebeba kuku. Mimi nilibaki nimeshika fremu ya mlango. Sikuwa nimewahi kusikia habari ya mtoto huyo. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe, na papo hapo nikampenda Mama kwa uchungu ambao sikuwa nao kabla.

Mtoto wa yule mwanamke kijana aliamshwa na vilio akaanza kulialia. Mama yake alifuta uso kwa upande wa khanga, akanigeukia.

"Mna maji yaliyochemka?" akauliza.

Nikamletea kutoka kwenye mtungi. Aliyanusa, akaonja kwanza yeye, kisha akamnywesha mtoto kidogo kidogo mpaka kikombe kikaisha. Hakumuuliza Mama kitu kingine kuhusu kuni.

"Sasa tumlilie vizuri," akasema yule bibi. "Hatuwezi kumwita mtoto wa kitabuni. Aliitwaje?"

Mama alinitazama pale mlangoni, akatazama chini, kisha akalitaja jina, taratibu na wazi.

"Abee, Mama," nikaitika, kwa sababu nilidhani ananiita.

Hakuna aliyecheka. Yule bibi alinitazama, akasogea akaniachia nafasi kwenye mkeka kati yake na Mama, nikaenda nikakaa.