Ufunguo wa Choo Niliouvaa Shingoni

Nilimkuta mshonaji wangu chini ya meza ya kukatia vitambaa, ameng'ata kola ya shati la shule, jasho linamtiririka.

Nikamwambia, "Amka, acha maigizo!"

Msinihukumu kwanza. Au nihukumuni tu, nastahili.

Mimi ni msimamizi kwenye kiwanda kidogo cha kushona sare. Waliniita Mama Ufunguo, maana ufunguo wa choo niliuvaa shingoni. Mara mbili kwa zamu, basi. Siku hiyo huyo binti, tuliyezoea kumwita Kimya, alikuja kuuomba mara ya tatu.

"Dada, niko kwenye siku zangu. Tumbo linaniua."

"Wewe ndiye wa kwanza kuziona? Mimi si mwanamke? Mbona nipo kazini?"

Wenzake wakacheka. Nusu saa baadaye ndiyo nikamkuta pale chini.

Hakuamka. Alikuwa amezimia kweli.

Bosi akaniagiza nimpeleke hospitali mwenyewe. Alipozinduka, daktari, mama mmoja mpole, akamuuliza maumivu yalianza lini.

"Tangu nivunje ungo."

"Unatapika? Ukienda haja kubwa unaumia?"

Kila swali Kimya alijibu ndiyo. Na mimi, kimoyomoyo, nikawa najibu ndiyo.

Jamani!

Daktari akasema huenda ni endometriosis: nyama zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. "Huu ni ugonjwa, mwanangu. Si uvivu wala mkosi."

"Na kuzaa je?" nikadakia.

"Wengine hupata shida kushika mimba."

Walidhani namuulizia Kimya. Nilijiulizia mimi, niliyeachwa kwa kukosa mtoto.

Miaka ishirini na miwili nimeugulia kimya. Mama alisema mwanamke ni kuvumilia. Na unajua nilivumiliaje kazini? Niliingia chooni muda wowote, nikameza vidonge, nikajikunja sakafuni mpaka maumivu yapoe. Si ufunguo ninao mimi?

Kimya akaniona nalia. "Dada, kumbe na wewe?"

Nikashindwa hata kumtazama.

Sasa ufunguo unaning'inia kwenye msumari mlangoni, na bosi nimembana mpaka akakubali siku za kupumzika. Ila kabla ya Kimya niliwafukuzisha watatu kwa "uvivu". Sijui waliko. Kama mmoja wenu anasoma hapa, nisamehe, mdogo wangu.

Nawe unayesimamia watu, shika hili: ulivyovumilia wewe si kipimo cha maumivu ya mwenzako. Mwenzangu alikuwa anavumilia bila ufunguo.