Misumari ya Mlango Ulio Wazi

Mtaalamu wa mtandao hakuvumilia swali lenye jibu lilelile. Kwenye kompyuta, kila kifurushi cha data kilisimama kuuliza kuhusu mpangilio usiobadilika miaka nenda rudi. Yeye akalifuta swali, akachomeka jibu ndani ya programu, vidole vikicheza ngoma mezani; kulibadilisha baadaye kungetaka kila kitu kisimame kwanza. Mlango wa ofisi nao, kwa kuwa haufungwi kamwe, akaupigilia misumari ukiwa wazi. Siku moja mvua ikapiga, maji yakapita mlangoni kuelekea kwenye mashine.

"Ufunge, ndugu yangu!" bosi akapiga kelele.

"Nikibadilisha, lazima wote msimame tuli, kama programu," mtaalamu akajibu.

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, mzee."

Bosi na wafanyakazi wote wakaganda. Mtaalamu aling'oa misumari taratibu, akaufunga mlango, kisha akaupigilia tena.

"Sasa hatuulizi tena."

"Na kwenda nyumbani je?" aliuliza bosi, asithubutu kutikisika.